Jani la Tunu

1

Kidawa alipofungua mlango wa kioo asubuhi ya Jumatatu, pua yake ndiyo iliyotangulia kujua. Ukumbi wa majani una harufu yake: ya mvua iliyotoka kunyesha, ya nyasi mbichi, ya udongo uliolala na maji. Mlezi aliyekaa humo miaka sita huijua kama anavyoijua harufu ya mto wake wa kulalia. Asubuhi ile, ndani ya harufu hiyo mlikuwa na kitu kigeni, kitu cha jikoni.

"Umechelewa," sauti ikamlaki kutoka kitanda cha kumi na tisa. "Chapati ngapi leo?"

"Mbili."

"Muongo! Tumbo linasema nne."

Kidawa aligeuka kumjibu Tunu kwa utani wao wa kila siku, utani ukamfia mdomoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Kucha pia. Kipimo cha ukutani, ambacho kwa Tunu hakikuwa kimeshuka chini ya tisini na nne tangu masika, kilisoma themanini na tano.

"Unajisikiaje, mama?"

"Kama nimekimbia," alisema Tunu, na mwenyewe akashangaa. "Na sijakimbia popote."

Juu ya kitanda, kwenye fremu ya mwanzi yenye ukubwa wa mlango, lilitandazwa jani lake. Mirija miwili myembamba iliunganisha ubavu wa mtoto na shina la jani, mmoja ukipeleka damu nyeusi, mwingine ukiirudisha nyekundu. Leo iliyorudi haikuwa nyekundu. Ilikuwa na rangi ya maji ya rosela yaliyokaa siku tatu. Na kingo za jani, zilizokuwa kijani kibichi juzi tu, zilikuwa zimegeuka manjano.

Kila kiangazi, tangu maziwa ya chumvi ya huko Singida yalipokauka, vumbi la njano lilivuma na kuchagua watoto. Liliwaingia kifuani likavikausha vile vifuko vidogo vya mapafu ambamo hewa na damu hukutana. Mtu hukaa hai kwa sababu ya utando ule tu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, hewa upande huu na damu upande ule, kila mmoja akimpokeza mwenzake anachokihitaji: oksijeni ikiingia, kaboni dayoksaidi ikitoka. Utando ukigeuka gamba, mtoto anazama nchi kavu. Mashine za chuma zilijaribiwa. Damu iliganda ndani yake baada ya wiki chache, na mtoto ambaye damu yake iliganda mara moja hakustahimili mara ya pili. Ndipo wataalamu walipoligeukia jani, kiumbe kinachopumua bila kifua. Walichukua chembe za jani na chembe za mtoto mwenyewe, wakaziotesha pamoja siku arobaini katika beseni, mpaka ikatoka tandiko moja la kijani lenye mishipa inayobeba damu. Nusu ya oksijeni lilitengeneza lenyewe kwa mwanga wa jua, na taa zikishika zamu jua likizama. Nusu nyingine lilivuta kutoka hewani kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, vilivyojaa upande wake wa chini.

Watoto arobaini na mmoja walikuwa wakiishi hivyo katika Nyumba ya Majani, juu ya milima ya Usambara, ambako ukungu ni mwingi na vumbi halifiki.

Kidawa aliinama, akapitisha kiganja chini ya jani la kumi na tisa. Mkono uliteleza. Akaunusa.

Alizeti.

"Tunu," alisema, na akajitahidi sauti isipande. "Jana Bibi alikuja?"

"Si ulimwona? Ulimpungia mkono."

Kweli alimwona. Alikuwa mwisho wa ukumbi akirekebisha kinyunyizio, akamwona Bi Mkhandi, bibi yake Tunu, amesimama juu ya kigoda, mikono yote miwili ikilipapasa jani polepole, kwa raha, kama mtu anayemlaza mtoto. Kidawa alifurahi. Alimwambia mlezi mwenzake, tazama yule, siku ya kwanza alikataa hata kulisogelea.

"Alifanya nini jana?"

"Aliniogesha, akanipaka mafuta. Anasema nimepauka kama mguu wa kuku." Tunu akacheka, kicheko kikamkatikia katikati, akangoja pumzi irudi. "Halafu akasema, na huyu mwenzio mbona wanamwacha hivi, hana ndugu? Akampaka na yeye. Juu, halafu chini. Si unamjua Bibi? Yeye hupaka mpaka nyuma ya masikio."

2

Siku zile Kidawa alipoanza kazi, ndugu walikuwa wakikaa kwenye benchi la ukutani, mbali, mikoba mapajani, wakilitazama jani kama nyoka aliyejikunja juu ya mtoto wao. Watoto walikuwa na hewa ya kutosha na bado walikuwa wakinyauka. Ni Kidawa aliyebuni dawa. Ndugu akifika siku ya kwanza, alimshika mkono, akauweka juu ya jani lenye uvuguvugu wa damu, akasema: "Huu si mtambo. Hii ni ngozi ya mtoto wako. Mshike."

Maneno hayo yalifanya kazi ambayo dawa ya chupani haijaifanya. Akina mama walilia, wakashika, wakazoea. Wakuu wakayapenda, wakayaandika ukutani kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kama za dukani.

Na mwanamke wa Singida akiambiwa hii ni ngozi ya mjukuu wako, ataifanya nini ngozi hiyo? Mtoto asiyepakwa mafuta ni mtoto asiye na mwenyewe. Wapita njia humtazama magoti yaliyopauka, wakauliza mama yake yuko wapi. Mama yake Tunu alikuwa kaburini, vumbi lile lile. Bi Mkhandi hangekubali swali hilo liulizwe mara mbili.

Haya yote Kidawa aliyafikiri akiwa amepiga magoti chini ya fremu, pamba mkononi, beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni pembeni. Walezi watatu walisaidiana naye. Walipangusa kwa mguso wa unyoya, wakasuuza, wakapangusa tena. Mafuta yaliyo juu yalitoka. Yaliyokwisha kuingia kwenye vitundu usiku kucha hayakutoka. Ndani, hewa chafu ilikuwa imefungiwa kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha, na nyama ya jani ilikuwa imeanza kuoza kutoka katikati kuelekea nje.

Kipimo kilipanda hadi themanini na saba. Saa nne kikashuka hadi themanini na mbili.

Daktari Mahimbo, mkuu wa nyumba, alikuja, akalibonyeza jani kwa kidole gumba, akatazama alama ya kidole isivyofutika. Alikuwa mtu mrefu mwenye mazoea ya kuongea akitazama viatu vyake.

"Lingine?" Kidawa alimuuliza.

"Siku arobaini."

"La mtoto mwingine, hata kwa saa chache?"

"Damu yake italikataa kabla hujamaliza kufunga mrija. Unajua hayo, Kidawa."

"Mashine ya chuma?"

Wote wawili waliijua faili ya Tunu, wiki tatu za mashine na donge la damu lililokaribia kumuua akiwa na miaka sita.

"Mwite bibi yake," alisema Daktari kwa viatu vyake.

Tunu aliwasikia. Watoto wa ukumbi ule walikuwa wamejifunza kusikia mambo, kwa kuwa hawakuweza kwenda popote. Daktari alipoondoka, alimwashiria Kidawa kwa kidole, njoo hapa, kama mwalimu mkali.

"Ni yale mafuta?"

Kidawa alimnyoosha shuka.

"Ni yale mafuta," Tunu akajijibu. Akavuta hewa fupi fupi. "Usimwambie."

"Nani, mama?"

"Bibi. Usimwambie. Ataumwa macho kwa kulia, na macho yenyewe ni mabovu. Hata sindano anatungiwa uzi." Akamkazia macho. "Sema wallahi."

"Wallahi," alisema Kidawa. "Sitamwambia."

"Sawa." Tunu akaegemea mto. "Na punguza chapati."

3

Bi Mkhandi alikuwa amehama kwao kumfuata mjukuu. Alipanga chumba chini bondeni, karibu na soko, akisuka vikapu. Alipanda mlima ule kwa miguu jioni hiyo hiyo, akaingia ukumbini na vumbi la njiani kwenye ndara, hakusalimia mtu. Walimpa kiti. Akakikataa. Alipanda kitandani, akampakata Tunu kama anavyopakatwa mtoto wa miezi sita, mirija ikipita juu ya paja lake.

Kuanzia hapo hakushuka. Alimpulizia usoni taratibu, kama anayepoza uji.

"Vuta, mama," alisema. "Mimi natoa, wewe vuta. Hivyo. Vuta tena."

Jumanne adhuhuri ukungu ulipasuka na jua likamwagika ukumbini, jua ambalo milimani halionekani mara mbili kwa wiki. Majani arobaini yalilipokea. Mishipa yao ilikolea wekundu, watoto wakachangamka, mmoja akaanza kuimba. Jani la kumi na tisa lilikuwa la kahawia, limelegea kwenye fremu yake, na mwanga wote ule ulilipita kama maji yanavyopita juu ya jiwe. Kipimo kilisoma hamsini na moja, kisha arobaini na tatu, kisha Kidawa akakizima ili kisimsumbue mtu.

"Vuta," alisema Bi Mkhandi.

Aliendelea kusema hivyo muda mrefu baada ya kuwa hakuna wa kuambiwa.

Walipoichukua maiti mikononi mwake, aliinua macho yaliyojaa utando wa uzee, akamtafuta Kidawa kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kuona. "Mwanangu, Jumapili alikuwa mzima. Alinitania pua yangu. Imekuwaje?"

Kidawa alimshika mabega. Harufu ya alizeti ilikuwa bado kwenye kanga ya bibi. "Pole, Bibi," alisema. "Pole sana."

Walimzika alasiri ile ile, kwenye mteremko nyuma ya nyumba.

4

"Andika jani lilichoka," alisema Daktari Mahimbo siku ya Alhamisi.

Fomu ya Baraza la Pumzi, wasimamizi wa nyumba ile, ilikuwa mezani. Mstari mmoja ulikuwa haujajazwa: chanzo cha kifo.

"Halikuchoka, Daktari. Lilikuwa na miezi minane tu."

"Sikukuuliza umri wake." Alisugua uso. "Sikiliza. Ukiandika mafuta, Baraza litafunga mlango wa ndugu. Hao hawajui kurekebisha kitu, wanajua kufunga. Watoto arobaini watabaki wanashikwa na mimi na wewe, na glavu. Ukiandika jina, yule mama atalala na jina hilo mpaka siku yake. Ukiandika jani lilichoka, nani ataumia?"

"Atakayepakwa Jumapili ijayo."

"Tutaweka kibao. Ni marufuku kupaka."

"Ukutani petu pameandikwa ni ngozi. Bluu. Mimi ndiye niliyesema." Sauti ya Kidawa ilipasuka, akaiacha ipasuke. "Nikimkataza mtu kumpaka mwanawe mafuta bila kumweleza, ataona ninamnyima mtoto haki yake. Atampaka nikigeuza mgongo. Ningekuwa mimi, ningempaka. Hawatalishika katazo mpaka wajue kwamba mtoto amekufa kwa hilo."

"Basi watauliza ni yupi."

"Sitamtaja."

"Jumapili iliyopita walikuwepo ukumbini. Wataunganisha. Na habari zikishuka bondeni, zitamfikia sokoni kutoka kwa mtu asiyempenda."

Hilo ndilo lililokuwa likimla Kidawa tangu Jumanne. Kunyamaza kulikuwa kumwacha mtoto mwingine azame katika mapenzi ya bibi yake. Kusema kulikuwa kumshukia mwanamke aliyebakiwa na kumbukumbu moja tu safi, ya Jumapili ile, mikono yake juu ya ngozi ya mjukuu, na kuichukua kumbukumbu hiyo na kuivunja mbele yake. Na katikati yao alilala mtoto wa miaka saba mwenye neno lake: sema wallahi.

Alivuta fomu. Kwenye mstari aliandika: Vitundu vya jani viliziba kwa mafuta ya kula. Ndugu hawakuelezwa hatari. Mlezi aliyewafundisha kuliona jani kama ngozi ni mimi, Kidawa Shemweta.

Daktari aliisoma mara mbili. "Watakufukuza."

"Huenda."

"Na bibi?"

"Nitamwambia mimi. Kabla ya Jumapili. Asiisikie barabarani."

Daktari Mahimbo aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake kwa mara ya kwanza. "Hujui unachokwenda kukifanya, mwanangu," alisema, bila ukali.

5

Chumba cha Bi Mkhandi kilikuwa kimepigwa deki. Vikapu vilipangwa ukutani, vingine nusu, na katikati ya sakafu palikuwa na begi la safari lililo wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ni wewe, Kidawa? Ingia, ingia, usisimame mlangoni kama askari wa kodi." Alimsogezea kigoda. "Jumapili naondoka. Basi ni la saa tano. Nitapita hapo kwenu kuchukua vile vigauni vyake vilivyobaki, halafu nakwenda zangu."

Alimmiminia chai kwa kuweka kidole ukingoni mwa kikombe apate kujua imejaa. Kidawa alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

"Nimekuwa nikijiuliza," alisema Bi Mkhandi. "Labda ni kuja mara chache. Jumapili peke yake. Mtoto anajua akisahauliwa. Au labda lile jani lilipata kijicho. Nilikuwa nalisifia mno, mbele za watu. Si unajua midomo ya watu?"

"Bibi, si kijicho."

"Eeh?"

Kidawa alimwambia. Hakuzungusha. Alianza na maneno yake mwenyewe, yale ya bluu, na jinsi yalivyokuwa na pengo ndani yake. Ngozi ya mtu hainyimwi hewa ikipakwa, kwa sababu mtu ana kifua. Jani lina ngozi tu. Ngozi ndiyo kifua chake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake, iliyokuwa ikikunja gauni dogo, iliendelea kulikunja hata lilipokuwa limekwisha kukunjika.

"Nionyeshe," alisema.

"Bibi..."

"Umebeba maneno yote haya mpaka chumbani kwangu. Nionyeshe."

Walezi hutembea na hadubini ndogo mfukoni, ya urefu wa kalamu. Kidawa aliiweka dirishani palipokuwa na mwanga, akaweka chini yake kipande cha jani lenye afya alichokuja nacho. Alimwelekeza jicho, akazungusha kioo taratibu, akikuza zaidi na zaidi, mpaka bibi akashtuka.

"Ni midomo," alisema Bi Mkhandi. "Vidomo. Mama yangu, ni vingi!"

"Ndiyo, Bibi."

"Vinafumbuka."

"Kukiwa na unyevu vinafumbuka. Jua likiwa kali vinajifumba. Humo ndimo hewa inamopita."

Alitazama kwa muda mrefu, na usoni pakamjia kitu ambacho Kidawa hakukitarajia, kitu kama furaha, mshangao wa mtu aliyeonyeshwa kichanga. Kisha akasema, jicho likiwa bado kwenye kioo: "Na vya kwake?"

Kidawa alikuwa na kipande cha pili. Alikuwa amejiambia hatakitoa. Alikitoa.

Bi Mkhandi alitazama. Nje mtu alipita akiita wateja wa ndizi, akaenda, sauti ikapotea.

"Alijua?" aliuliza hatimaye.

"Alijua."

"Alisema nini?"

Hapo Kidawa angeweza kusema uongo, na baadaye, miaka mingi, angejiuliza kwa nini hakufanya hivyo. "Alisema nisikwambie. Aliniapisha. Aliogopa utaumwa macho."

Bibi aliinuka kutoka kwenye hadubini. Aliyafuta macho yake kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama anayehakikisha bado yapo.

"Basi mbona umeniambia?"

"Kuna watoto arobaini, Bibi. Na wote wana mama, wana bibi..."

"Arobaini si wangu." Hakupaza sauti. "Wangu alikuwa mmoja. Alikuwa na miaka saba, hana hewa kifuani, na alijua la kunifanyia. Wewe mtu mzima, mwenye kusoma, umekuja na kioo."

"Nisamehe."

"Nilikuwa na Jumapili," alisema Bi Mkhandi. "Hiyo tu. Nilikuwa nayo. Toka, mwanangu. Toka kwa uzuri, nisije nikakutamkia neno."

6

Jumapili ndugu walijaa uani kabla ya saa tatu, wakitaniana kama kawaida yao, wakiulizana habari za mazao na za watoto. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Fomu ilikuwa njiani kwenda Baraza, jibu lingekuja kabla ya wiki kwisha, na hii huenda ikawa Jumapili yao ya mwisho, au ya mwisho ya Kidawa.

Alisimama kwenye ngazi. Nyuma yake, mlezi mmoja alikuwa akiyapaka chokaa yale maneno ya bluu.

"Ndugu zangu," alisema. "Jumanne tulimzika Tunu. Huenda mmeambiwa jani lake lilichoka. Si kweli. Lilizibwa na mafuta, lilipakwa kwa mapenzi, na mtu ambaye hakuwa ameelezwa. Wa kumweleza nilikuwa mimi. Niliwaambieni ni ngozi. Sikuwaambieni ni ngozi inayopumua. Upande wa chini wa jani ndipo pua ya mtoto wako ilipo. Ukipaka mafuta, umemziba pua. Hata tone. Hata samli."

Kisha mwanamume mmoja mwenye kofia ya kitambaa, mtu wa sauti kubwa aliyezoea kuchekesha wenzake, akasema: "Na mjinga gani huyo anayelipaka jani mafuta? Alitaka kulikaanga?"

Wawili watatu walicheka, cheko fupi la woga.

Kidawa aliona vichwa vikigeuka kuelekea lango, akafuata macho yao. Bi Mkhandi alikuwa amesimama pale, kilemba cheupe, begi begani, mkono umeshika furushi la vigauni alilokabidhiwa na mlinzi. Haikujulikana amesimama tangu lini. Alilisogeza begi likae vizuri, akageuka, akaanza kuteremka njia ya stendi, akipapasa ukingo wa barabara kwa ncha ya ndara yake.

Uani hapakuwa na anayetazamana na mwenzake.

"Mjinga mwenzake ni mimi hapa," alisema mwanamke mmoja wa makamo.

Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya samli iliyofungwa kwa kitambaa, akaja akaiweka kwenye ngazi, miguuni pa Kidawa. "Nilitaka leo," alisema. "Wallahi nilitaka leo hii. Kamwanangu kanapauka na hii baridi."

Akafuata kijana mwenye mke mjamzito. Chupa ya nazi. Akafuata bibi mwingine, na dada, na mjomba mtu aliyetoa kopo la mafuta ya mgando, akajaribu kulificha kwa kiganja mpaka alipoliweka chini. Yule mwenye kofia alisimama muda, akivuta masharubu. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akaja wa mwisho, hakumtazama mtu. Chupa yake hakuiweka chini. Alimpa Kidawa mkononi.

Zilikuwa kumi na moja.

Kidawa aliinua macho. Njiani, chini kabisa, kilemba cheupe kilikuwa bado kinaonekana, kikienda taratibu, kikisimama, kikienda tena. Mtu mwenye miguu mizima angemfikia kwa kukimbia. Angemshika mkono, angemwambia, kumi na moja, Bibi, watoto kumi na mmoja, leo hii. Alishuka ngazi ya kwanza. Alishuka ya pili.

Akasimama. Alikwisha kumpelekea mwanamke yule ukweli mmoja ambao hakuuomba, na hakujua kama huu wa pili ungemfariji, au ungemwambia tu kwamba mjukuu wake alikuwa bei ya watoto wa watu.

Chupa ilikuwa bado na joto la kifua cha mwenyewe. Kidawa aliishika hivyo, mbele ya watu wote, mpaka barabara ikapinda na miti ikamfunika Bi Mkhandi.